Udiwani: yanayosemwa mtaani na yalivyo kweli

Uchaguzi ukikaribia, karibu kila mtaa huwa na mtu ambaye majirani wanamtaja: huyu angetufaa. Yeye mwenyewe hukataa, na sababu anazotoa nyingi si za kweli. Nazichukulia kwa uzito, kwa sababu viti wanavyoviogopa watu wa aina hiyo havibaki wazi, huchukuliwa na wengine.

"Udiwani ni wa wenye pesa."

Hapa udiwani huchanganywa na ubunge. Uingereza, mgombea ubunge huweka dhamana ya pauni 500 na huipoteza asipofikisha asilimia 5 ya kura. Anayegombea udiwani kule England, sehemu mojawapo ya Uingereza, hadaiwi dhamana yoyote. Gharama yenyewe iko kwenye kampeni, na ukubwa wa eneo ndio unaoipanga. Kata ndogo huzungukwa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, na hakuna bango linaloshinda mgombea aliyegonga mlango akasikiliza. Los Angeles ni habari nyingine: madiwani 15 kwa watu karibu milioni 4. Boston ina madiwani 13, tisa wa maeneo yao na wanne wanaochaguliwa na jiji zima, kwa hiyo aina ya kiti ni jambo la kuuliza kabla ya kuhesabu fedha. New York, mgombea anayekubali kikomo cha matumizi huongezewa na jiji hadi mara 8 ya michango midogo ya wakazi.

"Lazima uwe na shahada."

Kenya, ambako wawakilishi wadi wa mabunge ya kaunti walichukua nafasi ya madiwani mwaka 2013, sheria iliwahi kudai shahada. Mahakama Kuu ililifuta sharti hilo kwa wawakilishi wadi mwaka 2021. Tanzania hudai ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Kuisoma bajeti ya halmashauri ni kazi ngumu zaidi, lakini hujifunzwa kwa kuisoma.

"Bila chama huendi popote."

Hili hutegemea nchi. Tanzania ni lazima udhaminiwe na chama. Kenya unaweza kuwa mgombea binafsi ukiungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi hiyo, mradi usiwe mwanachama wa chama katika miezi 3 kabla ya uchaguzi. Chicago na Los Angeles, karatasi ya kura ya udiwani haitaji chama cha mgombea hata mmoja.

"Nikishinda nitajenga barabara."

Dhana hii ndiyo yenye madhara zaidi, maana wagombea wenyewe huiamini na wapiga kura huidai. Diwani hamwamuru mhandisi. Ana kura moja tu: Chicago, moja kati ya 50. Utendaji uko mikononi mwa wengine. Tanzania ni mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Phoenix ni meneja wa jiji anayeajiriwa na baraza lenyewe. Alicho nacho diwani ni kupitisha au kukataa bajeti, kutunga sheria ndogo, kuamua mambo ya mipango miji, na kuhoji fedha zimeishia wapi. Hiyo si nguvu ndogo. Mtaro usiomo kwenye bajeti hauchimbwi, na bajeti huanza kupangwa kwenye kamati, miezi kadhaa kabla ya kikao kinachopigiwa makofi. Diwani asiyesoma makabrasha hukuta mambo yameshaiva. Na hoja yake, hata iwe nzuri vipi, huanguka asipowapata wenzake wa kuiunga mkono, wakiwemo aliopambana nao kwenye kampeni. Anayetaka kugombea naomba ahudhurie vikao vya baraza walau mwaka mmoja kabla, akae nyuma, asikilize.

"Kura moja mbili si kitu."

Mei 2017, katika halmashauri ya Northumberland, England, wagombea wawili wa kata ya South Blyth walilingana kura, na hata zilipohesabiwa tena, matokeo hayakubadilika. Mshindi alipatikana kwa kuchomoa kijiti. Aliyeshindwa alikuwa wa chama cha Conservative, kilichobaki na viti 33 kati ya 67. Kimoja zaidi kingekipa wingi wa baraza zima.

Lipo na lile la "nitajaza fomu, mengine baadaye". England, mfanyakazi wa halmashauri haruhusiwi kugombea udiwani katika halmashauri hiyo hiyo. Kenya, mtumishi wa umma hutakiwa kujiuzulu angalau miezi 6 kabla ya uchaguzi. Jina lako liwe kwenye daftari la wapiga kura, na saini za wadhamini zilingane na daftari hilo. Fomu ipelekwe mapema, ili kosa likionekana kuwe na muda wa kulisahihisha. Mwisho wa kupokea fomu England ni saa 10 jioni ya siku iliyopangwa. Ya saa 10 na dakika 1 hairuhusiwi kupokelewa.