Uvimbe wa neva ya jicho kwa watoto: jeni inayouanzisha na kinga inayoulisha

Kengeza linaloanza kwa mtoto wa miaka mitatu si la kusubiri aliache akikua. Mara nyingi chanzo chake ni chepesi na miwani hutosha. Mara chache, nyuma ya jicho hilo kuna uvimbe uliokaa kwenye neva inayopeleka ubongoni kile ambacho jicho limekiona. Madaktari huuita glioma ya njia ya macho. Ukitazamwa kwa hadubini, mara nyingi huwa ni astrositoma pilositiki, daraja la 1 katika mpangilio wa Shirika la Afya Duniani: hukua polepole, na watoto wengi huishi nao miaka mingi. Kinachopotea ni kuona. Neva ikishakufa hairudi, hata uvimbe ukisinyaa baadaye.

Usichanganywe na retinoblastoma, saratani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ile huifanya mboni ing'ae nyeupe, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa flashi, inatokana na jeni nyingine, RB1, na mtoto mwenye dalili hiyo apelekwe hospitali mara moja. Uvimbe wa neva haung'arishi mboni. Wenyewe huleta kengeza, jicho kutokeza mbele, macho kuchezacheza bila kutulia, au mtoto kusogelea televisheni na kugeuza kichwa ili atazame kwa jicho moja. Ukiwa umepanda hadi kwenye haipothalamasi, eneo la ubongo linaloongoza homoni, mtoto anaweza kubalehe mapema mno. Mtoto mchanga anaweza kukonda vibaya ingawa ananyonya vizuri na ni mchangamfu.

Watoto wengi wenye uvimbe huu wamezaliwa na hali iitwayo neurofibromatosisi aina ya 1, kwa kifupi NF1. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000, wa kike kwa wa kiume, wa kila rangi. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 17 na hutengeneza protini iitwayo neurofibromini, ambayo ni breki ya RAS, protini inayoiamuru seli ikue na kugawanyika. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Mwenye NF1 amezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili. Siku ambayo seli moja ya glia, yaani zile seli zinazozihudumia neva, inapoteza na nakala ya pili, breki inakatika kabisa na uvimbe unaanza.

Kati ya watoto wenye NF1, asilimia 15 hadi 20 hupata uvimbe wa njia ya macho, wengi wao kabla ya kutimiza miaka saba. Zaidi ya nusu ya hao hawatahitaji dawa. Na karibu nusu ya wenye NF1 ni wa kwanza katika ukoo wao, kwa sababu hitilafu ilitokea upya. Kwa hiyo "kwetu hakuna ugonjwa huu" si hoja ya kumwondolea mtoto shaka.

NF1 huanza kuonekana kwenye ngozi, na hapo mzazi anaweza kumtangulia daktari. Mvue mtoto nguo mahali penye mwanga wa mchana, chukua rula, angalia mgongo, tumbo, makalio na mapaja. Tafuta madoa bapa ya rangi ya kahawa, yasiyowasha wala kuvimba. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama sehemu zilizokolea zaidi. Doa moja au mawili ni jambo la kawaida na halina neno. Yakifika sita au zaidi, kila moja likiwa na upana unaozidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, au milimita 15 kwa aliyebalehe, apelekwe kwa daktari wa watoto. Angalia pia kwapani na kwenye kinena kama kuna vidoa vidogo vidogo vilivyotapakaa mahali ambapo jua halifiki. Watoto wengi huchelewa kwa sababu madoa haya hupita kwa jina la alama za kuzaliwa, na hakuna aliyeyahesabu.

Uvimbe huohuo unaweza kumpata mtoto asiye na NF1. Hapa hitilafu iko ndani ya uvimbe peke yake, haimo kwenye damu wala kwenye ukoo, na ndugu zake hawako katika hatari kuliko watoto wengine. Mara nyingi sehemu ya kromosomu ya 7 imejirudia, na jeni mbili, KIAA1549 na BRAF, zikaungana kuwa moja inayofanya kazi bila kuzimika. Mara chache herufi moja tu ya BRAF imebadilika, hitilafu iitwayo V600E. Njia ni ileile ya RAS, ila imeharibika hatua moja mbele. Uvimbe wa aina hii hupenda kukaa pale neva mbili za macho zinapokutana na kupanda juu, na kwa kawaida ni msumbufu kuliko ule wa NF1.

Jeni peke yake, hata hivyo, haitoshi kuukuza. Seli za kinga zilizomo ndani ya uvimbe zina mkono mkubwa. Kipande cha uvimbe huu kikichunguzwa, theluthi moja hadi nusu ya seli zake zinaweza kuwa maikroglia, askari wa kudumu wa ubongo. Kazi yao ya kawaida ni kusafisha mabaki na kulinda neva. Ndani ya uvimbe huu wanaulisha.

Ushahidi mwingi umetokana na panya wa maabara, hasa kazi ya David Gutmann na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani. Panya aliyeondolewa jeni ya Nf1 katika seli za glia pekee hakupata uvimbe. Alipoondolewa humo, na seli nyingine zote za mwili zikawa na nakala moja mbovu kama ilivyo kwa mtoto mwenye NF1, uvimbe ulitokea. Mwaka 2020 kundi hilo lilionyesha mnyororo wenyewe: seli za neva zenye hitilafu hutoa protini iitwayo midkaini, midkaini huziamsha seli T za kinga, seli T hutoa CCL4, protini ya kupelekeana ujumbe, CCL4 huzichochea maikroglia, nazo hutoa protini nyingine ya aina hiyo, CCL5, ambayo ndiyo chakula cha uvimbe. Mnyororo ukikatwa popote, uvimbe hukosa nguvu.

Mwaka 2021 yalifuata mambo mawili. La kwanza, pamoja na Michelle Monje wa Chuo Kikuu cha Stanford, walionyesha kwamba panya waliofugwa gizani katika umri ambao uvimbe huanza hawakuupata, kwa sababu neva inayofanya kazi huachilia protini ya kuukuza. La pili, panya waliosababishiwa pumu walipata uvimbe kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa seli T zao zilibadilika na kutoa dekorini, protini inayozituliza maikroglia. Haya ni ya panya na ni ya kuelewa ugonjwa. Mtoto asifungiwe gizani: jicho changa lisilopata mwanga hudhoofika kwa namna yake. Na mwenye pumu aendelee na dawa zake.

Lipo jambo la kuchukua nyumbani hapa. Mzazi akisikia "uvimbe", wa kwanza kumfikia huwa ni muuzaji wa dawa za kuongeza kinga. Katika ugonjwa huu kinga haikupungua. Seli zake ziko ndani ya uvimbe na zinausaidia. Hakuna unga wala matone yaliyothibitishwa kuuzuia, na miezi inayopotea kuyajaribu ni miezi ya macho.

Mtoto mwenye NF1 apimwe macho kila mwaka hadi afikishe miaka 8, kisha kila baada ya miaka miwili hadi 18. Kipimo kamili ni uwezo wa kuona kwa kila jicho peke yake, mboni kumulikwa kwa tochi, nyuma ya jicho kutazamwa baada ya matone ya kupanua mboni, na kimo cha mtoto kuandikwa kwenye chati, kwa sababu kurefuka ghafla huweza kutangulia balehe ya mapema. MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, haifanywi kwa kila mtoto mwenye NF1 asiye na dalili. Mdogo huhitaji usingizi wa dawa ili atulie, na uvimbe unaoonekana kwenye picha bila kudhuru kuona hautibiwi. Kinachotibiwa ni kuona kunakoshuka. Mtoto akipoteza mistari miwili kwenye chati ya herufi, apimwe tena baada ya wiki chache kabla ya kuanza dawa. Mtoto aliyechoka au mwenye njaa hukataa kusoma herufi anazoziona vizuri.

Tiba inayoanza kwa kawaida ni tibakemikali ya kaboplatini na vinkristini, kwa mwaka mmoja au zaidi. Vinkristini huleta choo kigumu na unyayo kulegea. Kaboplatini inaweza kuleta mzio hata baada ya dozi nyingi zilizopita salama. Tiba ya mionzi huepukwa kwa mwenye NF1, kwani huweza kuziba mishipa ya damu ya ubongo na kuzalisha uvimbe mwingine miaka ya baadaye. Upasuaji wa kuondoa neva hubakia kwa jicho ambalo tayari halioni na limetokeza kwa maumivu.

Dawa mpya za kumeza huzuia njia ileile ya RAS. Selumetinibu na trametinibu huzuia MEK, protini iliyo chini ya BRAF kwenye njia hiyo. Kwa uvimbe wenye V600E, Marekani iliidhinisha dabrafenibu pamoja na trametinibu mwaka 2023, na mwaka 2024 ikaidhinisha tovorafenibu kwa uvimbe wenye hitilafu ya BRAF uliorudi au uliokataa tiba. Hapa kukosea jeni ni hatari. Dabrafenibu ikipewa uvimbe ambao BRAF yake imeungana na KIAA1549, badala ya kuuzima inaweza kuuchochea. Dawa za MEK nazo zinahitaji moyo upimwe kwa ekokadiografia, yaani picha ya mawimbi ya sauti, na retina iangaliwe kabla na wakati wa tiba, na uvimbe unaweza kuanza kukua tena zikisimamishwa.

Mwenye NF1 kwa kawaida hakatwi kipande cha uvimbe: MRI na ngozi vinatosha, na kuikata neva kunaweza kuondoa kuona kulikobaki. Asiye na NF1 mara nyingi hukatwa, kwa sababu dawa itategemea jeni. Kipande hicho huhifadhiwa kwenye nta katika maabara ya patholojia, na kipimo cha BRAF kinaweza kufanywa humo hata baada ya miaka. Mzazi aombe namba ya kipande na nakala ya majibu, azitunze pamoja na kadi ya kliniki, hasa kama mtoto atahamishiwa hospitali nyingine.