Je, wajua kwa nini mtengeneza filamu za makala huandika pia riwaya?

Panda Kibosho, juu ya mji wa Moshi, ukaribishwe kihambani, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, kwa mzee wa kahawa. Atakueleza kwamba mwaka 1925 wakulima wa Kichagga waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ukaja muungano wa vyama vyao vya ushirika, KNCU. Kisha sauti itashuka. Atamkumbuka baba yake alivyorudi usiku mmoja kutoka kupimisha kahawa, akaketi jikoni asiseme neno hadi alfajiri.

Kamera ilikuwa ikirekodi muda wote huo. Imepata nini? Uso wa mzee, mikono yake, migomba nyuma yake. Baba hayumo, na hakuna aliyempiga picha usiku ule. Ukitaka kujua kilichokuwa kikimzunguka moyoni, huna budi kubuni. Kwangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Sababu nyingine hujitokeza pale mtu anaposema, "Zima hicho kidude kwanza, mwanangu, nikwambie." Kitakachofuata hakiingii kwenye filamu, kwa kuwa sura na sauti vitamtambulisha kwa kijiji kizima. Hata kwenye riwaya mwandishi mwaminifu hakinakili: hubadilisha mtu, mahali na kisa, akabaki na uchungu wenyewe tu.

Wala mpaka wa kazi hizi mbili si ukuta. Robert Flaherty, katika filamu yake ya makala ya mwaka 1922 kuhusu Wainuiti wa Kanada, alijengewa nyumba ya barafu iliyo wazi upande mmoja, kwa sababu ndani ya nyumba kamili mwanga haukutosha kamera ya enzi zile. Na hapa kwetu Arusha, Momella chini ya Mlima Meru, ndipo ilipopigwa sehemu ya "Hatari!", filamu ya Marekani ya mwaka 1962. Kisa ni cha kubuni, lakini vifaru waliokimbizwa na magari walikuwa wa porini kweli. Ousmane Sembène wa Senegal alipita njia ya kinyume: alianza na riwaya, akaingia kwenye filamu ili awafikie watu wake wasiojua kusoma Kifaransa.

Halafu kuna fedha. Filamu inadai kibali cha Bodi ya Filamu, gari, mpiga picha na mhariri. Kati ya filamu moja na nyingine hupita miezi mingi ya kusubiri, na daftari la mahojiano ya Kibosho lipo mezani, na yule baba bado ameketi jikoni.