Je, wajua kwa nini hakuna anayeweza kumiliki wazo la hadithi?

Watunzi wengi wa hadithi fupi, hasa wanaoanza kuziweka kazi zao Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp, wana hofu moja inayowazuia kuliko nyingine zote: kwamba mtu atasoma, ataliona wazo, ataliiba, kisha ataliandika yeye na kulipwa. Ndiyo maana yuko mtunzi anayekisimulia kisa chake kwa mafumbo hata kwa rafiki zake, na yuko anayeambatisha mwishoni mwa kila sehemu onyo kwamba wazo la hadithi ni mali yake na asilitumie mtu bila idhini. Kwa upande wa wazo, onyo hilo halina nguvu ya kisheria. Maneno aliyoyaandika ni mali yake tangu alipoyaandika, lakini wazo lililo nyuma ya maneno hayo si mali yake, na wala si mali ya mtu mwingine yeyote.

Msingi wa kisheria unaelezeka kwa ufupi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, uliorekebishwa Berlin mwaka 1908, uliweka kanuni kwamba haki ya mtunzi haitegemei usajili wala utaratibu mwingine wowote. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, unaohusu haki za ubunifu katika biashara na unaozibana nchi zote wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, Tanzania na Kenya zikiwemo, unasema katika kifungu cha 9 kwamba ulinzi wa hakimiliki unahusu namna jambo lilivyoelezwa, si wazo lenyewe. Kwa hiyo kusajili kazi COSOTA, COSOZA au KECOBO, yaani taasisi za hakimiliki za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya, kunampa mtunzi ushahidi mzuri pakitokea ugomvi, ila kinachothibitishwa na usajili huo ni maandishi.

Wengi wanaposikia hivyo huona kuwa sheria imeacha pengo, kana kwamba waliotunga sheria walisahau jambo kubwa na kulinda dogo. Dhana hiyo inastahili kurekebishwa kwa utaratibu, kwa sababu chini yake kuna dhana nyingine: kwamba wazo ndiyo hadithi, na maandishi ni vazi lake tu. Historia ya hadithi haikubaliani na hilo hata kidogo.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyeishi Unguja na baadaye akawa askofu, alichapisha London mkusanyo wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Kimojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini anayepekua jaani anaokota thumuni, na kwa thumuni hiyo ananunua paa. Paa huyo anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi kutoka kwa bwana wake, anamwombea bwana wake binti wa sultani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake aingie katika jumba la nyoka huyo kama tajiri. Msomaji wa Ulaya anayekutana na kisa hiki hutambua mara moja kwamba wazo lake analijua. Mfaransa Charles Perrault alilitumia mwaka 1697 katika hadithi ya paka anayevaa buti, na kabla yake alilitumia Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka miaka ya 1630 baada ya kifo chake. Tukilipunguza mpaka mwisho, wazo ni hili: mnyama mwerevu anamtajirisha bwana wake maskini kwa kumnadi kuwa mtu mkubwa.

Sasa tutazame miisho. Paka wa Perrault anakuwa bwana mkubwa, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu. Paka wa Basile anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, naye anapoona kwamba bwana anaagiza atupwe dirishani, anainuka, anamkaripia na kwenda zake. Paa wa Unguja anaugua kwelikweli, bwana wake anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu kama kiumbe asiye na thamani, na paa anakufa. Kisha yule bwana anazinduka na kujikuta palepale jaani alipoanzia. Hizi ni hadithi tatu zenye hukumu tatu tofauti juu ya fadhila na utovu wa shukrani. Aliyesoma moja hajasoma zile nyingine. Nami naamini kwamba ule uji wa mtama, jambo dogo ambalo hakuna muhtasari wa wazo ungelikumbuka, ndio unaomchoma msikilizaji kuliko almasi na nyoka kwa pamoja.

Mfano mwingine unaonyesha wazo likihama waziwazi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1816, katika nyumba iliyo karibu na ziwa la Geneva, mshairi Lord Byron aliwapendekezea wageni wake kwamba kila mmoja aandike hadithi ya kutisha. Mary Shelley alianza hapo kazi iliyotoka mwaka 1818 kwa jina la Frankenstein. Byron mwenyewe aliandika kurasa chache juu ya bwana mmoja wa ajabu anayefia safarini na kumwapisha mwenzake asiutangaze msiba wake, kisha akaiacha kazi hiyo. Daktari wake, John Polidori, aliuchukua msingi huo, akaukamilisha kwa namna yake, na mwaka 1819 ukatoka kama hadithi iitwayo The Vampyre, ambayo wachapishaji waliibandika jina la Byron bila ukweli. Wazo lilikuwa mikononi mwa mshairi aliyesomwa sana wakati ule, nalo likakwama. Likafika kwa daktari ambaye hakuwa na jina, likazaa tabaka zima la hadithi za wanyonya damu ambazo hazijakoma hadi leo. Tofauti iliyokuwepo kati ya hao wawili ni kwamba mmoja aliifikisha kazi mwisho.

Kama sheria ingemruhusu mtu wa kwanza kulifungia wazo, basi Perrault angehitaji ruhusa ya warithi wa Basile, na ukoo mmoja ungeweza kudai malipo kwa kila kisa cha mnyama mwerevu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuliacha wazo huru: wazo ni malighafi, na mtunzi yeyote, pamoja na yule anayelalamika kuibiwa, amelitoa mahali fulani.

Linabaki swali gumu zaidi. Wazo linaishia wapi, na maelezo yanaanzia wapi? Mwizi wa kazi naye anaweza kudai kwamba alichukua wazo tu. Jibu linalotajwa zaidi ni la jaji Learned Hand wa Marekani, katika shauri la mwaka 1930 ambapo mtunzi wa tamthilia, Anne Nichols, aliishtaki kampuni ya filamu ya Universal. Tamthilia yake, Abie's Irish Rose, ilihusu kijana wa Kiyahudi na binti wa Kiairishi Mkatoliki wanaooana huku baba zao wakipinga. Filamu ya Universal ya mwaka 1926 nayo ilikuwa na familia ya Kiyahudi na ya Kiairishi, ndoa ya siri, baba wenye hasira, na upatanisho mwishoni.

Ili kuuelewa uamuzi wa Hand, fikiria umesimama barabarani Kariakoo, kisha unapanda jengo refu na kuchungulia chini kila ghorofa. Ukiwa chini unamwona mama fulani, jina la kanga yake, na jinsi anavyobishania bei ya mchele. Ukifika ghorofa ya pili bado unamtambua, unajua anatoka duka gani na anaelekea wapi, ila humsikii tena. Ghorofa ya tano unaona mwanamke mwenye mzigo, na waliofanana naye ni wengi. Juu kabisa unaona watu wanapita tu, na barabara hiyo haitofautiki tena na barabara ya mji mwingine wowote wenye soko. Hadithi nayo ina ghorofa za namna hiyo. Chini kabisa kuna maneno yenyewe, sentensi kwa sentensi. Juu kidogo kuna wahusika hawa mahususi, wakifanya mambo haya kwa mpangilio huu, kwa sababu hizi. Juu zaidi kuna muhtasari wa sentensi tano, na juu kabisa inabaki kauli kama "watoto wa familia mbili zenye uhasama wanaoana". Hand alisema kwamba kadiri matukio yanavyozidi kuachwa nje, ndivyo maelezo yanavyozidi kuwa ya jumla, hadi kufika mahali ambapo ulinzi unakoma, la sivyo mtunzi angeweza kuwazuia wengine wasitumie mawazo yake. Alikiri pia kwamba hakuna aliyewahi kuuweka mpaka huo mahali pamoja, na hakuna atakayeweza.

Aliposhuka kuzilinganisha kazi hizo ghorofa kwa ghorofa, alikuta zinaachana mapema. Katika tamthilia, ugomvi ni wa dini, na vijana wanafungishwa ndoa mara tatu, kwa mchungaji wa Kiprotestanti, rabi na padri. Katika filamu Myahudi ni binti, Muairishi ni mvulana ambaye baba yake ni askari polisi, uhasama ni wa majirani maskini, na kisa kinageuzwa na urithi ambao mwishowe unabainika kuwa ni wa familia ile nyingine. Kilichofanana kilikuwa juu kabisa. Nichols akashindwa.

Asiyesoma upande wa pili anaweza kudhani kwamba kubadilisha majina kunatosha, na hilo ni kosa kubwa kama lile la kwanza. Mwaka 1922 kampuni ya Prana ya Ujerumani ilitoa filamu ya Nosferatu, iliyofuata riwaya ya Dracula ya Bram Stoker bila idhini, ikambadilisha mnyonya damu jina kuwa Orlok na kukihamishia kisa Ujerumani. Mjane wa mtunzi, Florence Stoker, alishtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Berlin ikaamuru nakala za filamu ziharibiwe, ingawa baadhi zilisalimika. Mnyonya damu alikuwa wa wote tangu enzi za Polidori. Mfuatano wa matukio ya Stoker, pamoja na wahusika na uhusiano wao, haukuwa wa wote.

Yapo mambo mawili yanayopunguza uhakika wa maelezo haya. Kwanza, wazo linaweza kulindwa kwa makubaliano hata pale hakimiliki isipoligusa. Mwaka 1949 Victor Desny aliipigia simu ofisi ya mwongozaji wa filamu Billy Wilder na kumsomea katibu wake muhtasari wa kisa cha mtu aliyenaswa pangoni Kentucky mwaka 1925, akitaka alipwe kisa hicho kikitumika. Filamu yenye kisa cha namna hiyo ilitoka mwaka 1951, na mwaka 1956 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la California ikasema kwamba ahadi ya kulipia wazo, hata isiyoandikwa, inaweza kumfunga aliyelipokea. Uamuzi huo ni wa California, lakini mantiki yake inaeleweka popote: makubaliano huja kabla ya wazo kutamkwa. Aliyekwisha kulitangaza kwa umma hana tena wa kukubaliana naye.

Pili, na hili linawahusu hasa wanaoandika hadithi fupi sana, ghorofa zinapungua kadiri hadithi inavyofupika. Riwaya ya kurasa 300 ina mamia ya uamuzi mdogo wa mtunzi kati ya wazo na neno la mwisho. Hadithi ya maneno 200 inayotegemea mshangao mmoja wa mwisho ina uamuzi mchache mno, na mtu akiuchukua mshangao huo na kuuandika upya kwa maneno yake, amechukua sehemu kubwa ya thamani yake huku akiwa ameacha karibu kila kinacholindwa. Hapo hofu ya mtunzi ina msingi. Kinga aliyonayo ni ya uandishi zaidi kuliko ya sheria: kuipa hadithi sauti, mahali na mtu ambaye hawezi kuhamishwa.

Hatari iliyo kubwa zaidi mtandaoni ni ya kunakiliwa maandishi mazima, jina la mtunzi likafutwa na jingine likabandikwa. Sheria hilo inalikataza bila utata, na tarehe ya chapisho la kwanza husaidia kuonyesha nani alitangulia, ingawa kumfuatilia mwizi kunachosha. Watunzi wa Tanzania wanaoweka sehemu za mwanzo bure, wakaandika "itaendelea", kisha wakauza zilizobaki kwa malipo ya simu, wameshalijibu swali la thamani kwa vitendo, kwa kuwa msomaji anayetuma hela amekwisha kupewa wazo lote bure katika sehemu ya kwanza. Andy Weir wa Marekani alifanya jambo la karibu na hilo alipoiweka riwaya yake The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake kuanzia mwaka 2009. Wasomaji walimsahihisha makosa ya kisayansi, na waliomwomba toleo la kusoma kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu, ndio waliomfungulia njia ya kuiuza.

Kuna gharama moja ya kweli ya kuweka hadithi hadharani, nayo huzungumzwa kidogo mno. Majarida mengi ya fasihi na baadhi ya mashindano hutaka kazi ambayo haijawahi kutoka popote, na mengi huihesabu hadithi iliyowekwa kwenye ukurasa ulio wazi kuwa imekwisha kuchapishwa, hata kama ilisomwa na watu kumi tu na ikafutwa kesho yake. Kundi dogo lililofungwa, ambamo watunzi husomeana rasimu, mara nyingi halihesabiwi hivyo, ila kila jarida lina masharti yake, na mahali pa kuyasoma ni kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.