Shimo la choo la jirani si siri ya nyumbani kwake

Mombasa, kuanzia mtaa wa Majengo hadi Kisauni, wengi huamini kwamba uchafu ukiwa ndani ya ua wa mtu, kaunti haina la kufanya. Ni rahisi kuona kwa nini: ua una mwenyewe. Lakini Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, haikomei ukutani. Shimo la choo linalovujisha maji meusi uchochoroni, au pipa lililojaa viluwiluwi vya mbu, ni kero kisheria. Afisa wa afya humpa mhusika notisi ya kuiondoa kwa muda uliowekwa; akipuuza, anapelekwa kortini. Na faini hutozwa na hakimu, si afisa mlangoni. Soma mwenyewe vifungu vya 115 hadi 120. Sheria za Kenya zipo mtandaoni bure.