Je, wajua chuma kilichoyeyuka hujitengenezeaje usumaku?

Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe jirani na Mbeya, kina tani 16 hivi, karibu asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki nikeli. Kiini cha Dunia nacho kwa sehemu kubwa ni chuma na nikeli. Mbona kiini ndicho kinachogeuza sindano ya dira, si kimondo? Kwa sababu kimondo kimeganda. Kiini cha nje, kuanzia kina cha kilomita 2,900 hivi hadi 5,150, ni chuma kioevu kinachotembea. Wala si sumaku ya kawaida: chuma hupoteza usumaku wake wa kudumu kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, na huko joto ni maelfu ya nyuzi.

Nusu ya siri hii fundi jenereta yeyote wa Mwanjelwa, Mbeya, anaijua. Jenereta nyingi hazina sumaku ya kudumu, hutegemea masalia ya usumaku kwenye rota, sehemu inayozunguka. Masalia huzaa umeme kidogo, umeme hulishwa kwenye koili, usumaku unaongezeka, umeme nao unaongezeka. Jenereta ikikaa stoo muda mrefu masalia hufifia: injini inanguruma, taa haziwaki, mpaka fundi aguse brashi, vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota, kwa betri ya volti 12 kwa sekunde chache.

Kiini hakina koili. Chuma kioevu chenyewe ndiyo nyaya. Kikipita kwenye uga dhaifu wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku, huzaa mkondo wa umeme, na mistari ya uga hukokotwa nacho, ikavutwa, ikasokotwa, ikakunjwa. Kule kuvutwa ndiko kunakoipa nguvu. Vurugu tupu ingeweza pia kuifumua, lakini mzunguko wa Dunia huupa mtiririko msokoto wa upande mmoja kaskazini na wa kinyume kusini.

Kipimo cha kama uga utajitengeneza ni kasi ya mtiririko mara ukubwa wake, gawanya kwa jinsi uga unavyosambaa na kufifia. Kiini husogea kama nusu milimita tu kwa sekunde, ila upana wake hufidia: jibu ni karibu 1,000, wakati makumi tu yanaweza kutosha. Maabara haina upana huo, hivyo hutafuta kasi. Mwaka 2006 huko Cadarache, Ufaransa, lita 150 hivi za sodiamu iliyoyeyuka zilichochewa na visahani viwili vikizunguka kinyume. Vya chuma cha pua vilishindwa. Vya chuma laini vilipofungwa, uga ukajitokeza. Sodiamu huwaka ikigusa maji, kwa hiyo uvujaji mdogo tu ni hatari kubwa.

Uga haukui bila kikomo. Ukishapata nguvu huusukuma mtiririko na kuupunguza kasi, na kinachouendesha mtiririko huo ni kupoa kwa kiini chenyewe.