Gari la Sadaka: Pesa Huishia Wapi?

Mtu wa Mombasa akishachoka na gari lake, hakosi kuambiwa: "Usiwape wanunuzi wa vyuma chakavu, lipe kituo cha mayatima." Ushauri mwema. Ila kati ya funguo zako na sahani ya mtoto wamo watu kadhaa, na mengi yanayosemwa kuhusu safari hiyo si kweli.

Wengi huamini kwamba gari lilelile walilotoa ndilo litakalowabeba watoto. Huenda ikawa hivyo likiwa basi dogo lililo zima, na kituo kina dereva na pesa za bima. Lakini mengi huuzwa. Kuuza si kosa. Kituo hakina haja ya Corolla ambayo giaboksi yake inateleza, kinahitaji unga, karo na dawa. Kosa ni kumwacha mtoaji akidhani gari lake linapeleka watoto shule ilhali liliuzwa yadini wiki ileile.

"Tunakuja kulichukua bure." Ndugu zetu walioko Marekani huambiwa hivi sana, kwa sababu kule kutoa gari kwa hisani ni biashara kubwa yenye mawakala, minada na matangazo. Hakuna cha bure. Gharama za kulivuta, ada ya mnada na fungu la wakala hukatwa kwenye bei ya gari. Mwaka 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilifuatilia magari 54 yaliyotolewa. Kwa karibu theluthi mbili yake, shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani ambayo mtoaji aliidai ili apunguziwe kodi. Yaani mtu alijiandikia dola 2,000, shirika likashika dola 100 au chini ya hapo. Watoaji nao walikuwa na mkono wao, kwa kuyapandisha bei magari mabovu ili wapunguziwe kodi.

Sheria ilibadilishwa, na tangu 2005, gari likiuzwa kwa zaidi ya dola 500, mtoaji kwa kawaida hudai bei halisi ya mauzo tu, na shirika humpa fomu inayoitwa 1098-C. Hapa ndipo wengi hukosea. Bei iliyo kwenye fomu hiyo ni ya mauzo kabla ya makato; haisemi shirika lilibakiwa na ngapi. Anayetaka kujua hayo asome Fomu 990, taarifa ya mwaka ambayo mashirika mengi ya hisani ya huko hutakiwa kumwonyesha yeyote anayeiomba. Ukiwa na mjomba au shangazi huko anayetaka kutoa gari, mwambie aisome kwanza.

Wapo pia wanaodhani magari hayo hupakiwa melini yakashushwa Kilindini. Hapana. Usukani wake uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya namna hiyo isipokuwa machache ya kazi maalumu, kama ambulensi na magari ya zimamoto. Tena gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa.

Turudi kwetu. Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba kuuliza pesa zilikokwenda ni kuharibu thawabu. Watu huikumbuka aya ya 264 ya Sura al-Baqara, inayotukataza kuziharibu sadaka kwa masimango na udhia. Lakini masimango ni kumfedhehesha uliyempa. Kumtaka msimamizi aonyeshe hesabu ni jambo jingine kabisa, na katika sura hiyohiyo, aya ya 282, waumini wanaamrishwa kuandikiana wanapokopeshana. Yatima hasimangwi mwenye kiti cha kamati anapoulizwa risiti. Anayefaidika na ukimya wetu si yatima.

Tuseme gari limeuzwa 150,000. Dalali achukue 15,000, kulivuta kutoka Mtwapa 8,000, fundi 12,000. Kituo kinabaki na 115,000. Hizo ni gharama za haki, na wanaosema kila makato ni wizi wanawaonea watu waaminifu. Lakini risiti nyingi zimeandikwa tu "Tumepokea gari moja, Mungu akuzidishie." Hakuna nambari ya gari, hakuna bei, hakuna tarehe ya mauzo. Kwa karatasi kama hiyo, zile 35,000 zinaweza kuwa 100,000 na asijue mtu. Omba nambari ya usajili, bei liliyouziwa, kila makato na kilichobaki, kwa maandishi, na saini mbili.

Na wakfu je? Wengine hutamka "nimelitoa wakfu" wakimaanisha sadaka tu. Hukumu za wakfu ni mbali na za sadaka. Mali ya wakfu haiuzwi, haipewi mtu wala hairithiwi. Ndivyo alivyoelekezwa Umar bin Khattab kuhusu ardhi yake ya Khaybar. Katika madhehebu ya Shafii, tunayofuata wengi hapa Pwani, hata kitu kinachohamishika chafaa kuwekwa wakfu. Kwa hiyo ukiupa msikiti gari la kubebea maiti kwa nia ya wakfu, kamati haina ruhusa ya kuliuza inapopenda. Ukitaka liuzwe pesa zitumike, sema ni sadaka, na iandikwe hivyo.

Cheti cha usajili ukutani nacho hakithibitishi matumizi ya pesa. Mashirika yaliyo chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika Mei 2024, hutakiwa kupeleka taarifa na hesabu zao. Omba kuona za mwaka jana.

La mwisho: "Nimeshalitoa, si langu tena." Kwa sheria ya Kenya, mwenye gari ni yule ambaye jina lake limesajiliwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Uhamisho wa jina hufanywa kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ufanywe kabla funguo hazijatoka mkononi. Kituo kinachokwambia jina litabadilishwa mnunuzi akipatikana kinakuachia wewe kila litakalotokea barabarani mpaka siku hiyo.