ATX ni ATX, itaingia tu? Pimeni kwanza jamani

Wiki hii huyu ni wa nne. Kijana kaingia dukani kesi ya kompyuta kaibeba kwapani, mkono mwingine boksi la pawa saplai (PSU) wati 1000, katumiwa na mjomba wake, ananiambia fundi nifungie hii chapchap nina mechi na washkaji saa mbili. Mi nimeangalia tu ubavu wa boksi nikajua leo kuna maneno. Urefu milimita 200. Kesi yake ni zile za kioo pembeni, PSU inakaa chini kwenye chumba chake cha bati, na mbele yake kuna kizimba cha hadidiski. Nikapitisha rula toka ukuta wa nyuma mpaka kwenye kizimba, milimita 185. Nikamwambia mdogo wangu hii haiingii. Akanijibu lile neno ambalo nikilisikia tena nafunga duka:

"Lakini fundi, kesi ni ATX na pawa saplai ni ATX."

Sawa, ni ATX. Na ATX yenyewe, yaani kipimo cha umbo cha Intel, ipo tangu 1995, sio kitu kipya. Lakini ATX inakubana upana milimita 150, kimo milimita 86, na yale matundu manne ya skrubu kule nyuma, basi. Urefu wa kuingia ndani kila kiwanda kinajiamulia: za kawaida 140, zingine 160, 180, na haya madubwana ya wati nyingi yanafika 200 na kupita. Ndo maana mtu anaweka pale nyuma anaona matundu yamelingana vizuriii, anafurahi, halafu mkia hauna pa kwenda. Upana umepimiwa kiwandani kwa niaba yako, urefu kapime mwenyewe.

Na hapo bado waya. Hiki ndo kinanichosha zaidi, maana hata wale wanaopima wanapima boksi peke yake bila waya. PSU za modula, zile za kuchomoa waya, konekta zinachomekwa mgongoni upande wa ndani, na waya lazima itoke nje kidogo ndo ikunje kona, hapo andika sentimita mbili na nusu mpaka tatu za ziada. Kwa hiyo kesi imeandikwa mwisho 180 na wewe umenunua PSU ya 180, unajiona umepiga hesabu, kumbe unahitaji kama 210. Zisizo za modula nazo usidhani zimepona, lile furushi la waya zote linatoka kwenye tundu moja na halikunjiki kirahisi, na zile usizozihitaji utazificha wapi sasa.

Kuna mmoja mwezi uliopita alilazimisha. Alisukuma mpaka konekta zikaegemea kizimba, akakaza skrubu, mashine ikawaka, akaenda zake kucheza. Wiki ya pili kaja inazima yenyewe katikati ya gemu. Nikachomoa konekta ya GPU (kadi ya picha) kule kwenye PSU, plastiki imekuwa rangi ya chai, pini mbili nyeusi, na ile harufu mnaijua. Haikuwa imezama mpaka mwisho, kile kidude cha kufungia hakikulia "ta", ilikuwa imesimama njiani kwa sababu bati lilikuwa linaisukuma kiubavu. Konekta isiyozama inashika kidogo, ikishika kidogo inapata moto. Hata zile kadi za picha RTX 4090 zilizounguza plagi mwaka 2022 wenyewe Nvidia walisema nyingi plagi ilikuwa haijaingia sawasawa. Kwa hiyo "imeingia kwa shida" kwangu mimi ni sawa na haijaingia.

Dawa ya kijana ilikuwa nyepesi. Hana hadidiski, ana SSD tu, ile diski ndogo bapa, nyuma ya mazabodi (bodi kuu), kizimba kimekaa bure. Skrubu nne chini ya kesi, nikakitoa, nafasi ikafunguka mpaka karibu na feni za mbele. Kesi nyingi za siku hizi kizimba kinatoka au kinasogea na watu hawajui, wanakimbilia kununua kesi nyingine.

Ushauri wangu ambao watu wananicheka: kabla hujatoa hela kata boksi la karatasi ngumu, 150 kwa 86 kwa urefu wa hiyo PSU unayoitaka ongeza sentimita tatu, lichomeke kwenye kesi. Likikunjika, umeokoa hela. Rula peke yake inadanganya maana haioni ukingo wa bati wala waya za mbele.

Sasa mengine haraka haraka maana nina kazi.

"Wati nyingi lazima iwe kubwa." Hapana. Zipo za wati 850 zenye urefu wa 140 tu, na zipo za umbo dogo la SFX, 125 kwa 63.5 kwa 100, kama kitofali, nazo zinafika hizo wati. Tafuta fupi, acha kutafuta grinda.

Na kuhusu grinda: "tukate tu hapa kidogo fundi." Ukikata bati mazabodi ikiwa ndani ule unga wa chuma unaingia kila sehemu, hata ukipuliza unabaki, halafu unakuja kuuliza kwa nini imepiga shoti. Toa kila kitu nje kwanza au usikate. Mwingine alitaka nifungue PSU nihamishie utumbo wake kwenye boksi dogo, nikamwambia kaka mle kuna kapasita za volti zaidi ya 300 na zinabaki na chaji hata ukishachomoa ukutani, tafuta fundi mwingine mwenye roho ngumu.

"Ya wati 1000 itanimalizia LUKU." PSU haivuti wati zilizoandikwa ubavuni, inavuta kinachoombwa na mashine plus hasara yake. Mashine ikitaka wati 300, PSU ya ufanisi wa asilimia 90 inavuta kama 333 ukutani, ya asilimia 85 inavuta 353, iwe imeandikwa 550 au 1000. Angalia ufanisi.

"Waya za ile ya zamani ziko poa, nitazitumia hizo hizo maana ni ndefu." USITHUBUTU. Upande wa PSU pini hazina utaratibu mmoja, zinachomeka vizuri kabisa halafu volti 12 inaenda kwenye njia ya volti 5, kwaheri SSD na picha za harusi.

Na nyie wa Dell za mtumba. OptiPlex za 3020, 7020, 9020 mazabodi haina plagi ya umeme ya pini 24, ina ya pini 8, kwa hiyo hata PSU ikienea utahitaji kibadilishio, nunua vyote siku moja. Zile za SFF, za boksi dogo jembamba, ndo sahau, PSU yake ina umbo lake kabisa.

Feni iangalie chini kama kesi ina wavu chini, na usiiweke juu ya zulia, nimesema mara mia.

Yule kijana aliwahi mechi yake. Kizimba kakisahau hapa kaunta, nimeshaanza kuwekea funguo.